Mtoto Asiyelala Ana Sababu Yake

Kabla hujabadilisha chochote jioni ya leo, tafuta daftari. Kwa wiki mbili mfululizo andika saa mtoto alipopelekwa kitandani, saa alipopata usingizi kweli, mara ngapi aliamka na alifanya nini, saa alipoamka asubuhi, na kama alilala mchana. Pembeni andika alichokula na kunywa baada ya alasiri, dawa alizomeza na saa zake, pamoja na jambo lolote lisilo la kawaida: homa, mgeni, umeme kukatika, ngoma ya kigodoro mtaani. Maneno matatu manne kwa kila usiku yanatosha.

Nasisitiza daftari kwa sababu mzazi aliyekesha kwa miezi hukumbuka usiku mbaya na kuusahau uliokuwa afadhali. Tena, daktari mwenye foleni ndefu mlangoni ana dakika chache za kukusikiliza. Ukimwambia “mtoto halali kabisa,” atakuandikia kitu cha kumlaza au atakuambia uvumilie. Ukimwonyesha kwamba hulala saa 5 usiku, hukoroma na kutoka jasho, huamka saa 8, kisha saa 10 anaamka moja kwa moja, daktari amepata pa kuanzia.

Watoto wenye usonji, mtindio wa ubongo, sindromu ya Down, kifafa, au shida ya kutulia na kuzingatia husumbuliwa na usingizi mara nyingi kuliko wenzao. Kwa usonji peke yake, tafiti nyingi zimekuta zaidi ya nusu ya watoto wana tatizo hilo. Kwa hiyo jirani akisema umemdekeza, usiyabebe maneno yake moyoni. Lakini usikubali pia kuambiwa kwamba “watoto hawa ndivyo walivyo.” Kauli hiyo imewafanya wazazi wengi wavumilie kwa miaka maumivu ambayo yangetibiwa kwa wiki chache. Mtoto asiyelala ana sababu, na kazi yako ya kwanza ni kuitafuta.

Upime pia matarajio yako. Chama cha wataalamu wa tiba ya usingizi cha Marekani kilitoa makadirio yake mwaka 2016, usingizi wa mchana ukiwa umehesabiwa: mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, wa miaka 3 hadi 5 saa 10 hadi 13, wa miaka 6 hadi 12 saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Mtoto wa miaka 10 anayelazwa saa 1 usiku ili nyumba ipumzike, akaamka saa 10 alfajiri, pengine usingizi wake umetosha. Aliyekosea hapo ni aliyepanga ratiba.

Anza na mwili

Mtoto asiyeweza kusema “mguu unauma” atasema kwa kulia, kwa kujipigiza kichwa au kwa kukesha. Mpangilio wa jioni, hata uwe mzuri vipi, hauwezi kumlaza mtoto mwenye jino lililooza. Ndiyo maana naanza hapa, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda.

Sikiliza anavyopumua. Keti karibu naye nusu saa akiwa amezama usingizini. Kukoroma karibu kila usiku, kupumua kwa mdomo, kulowa jasho, kulala shingo imepinda kwa nyuma, na hasa pumzi kukatika kwa sekunde kadhaa kisha akashtuka kwa mkoromo mkubwa, ni dalili kwamba njia ya hewa inaziba. Mtoto wa namna hii anaweza kulala kwa saa 10 na bado akaamka amechoka, mkali na asiyeshika masomo. Wenye sindromu ya Down wako katika hatari kubwa zaidi, kwa kuwa njia zao za hewa ni nyembamba, misuli imelegea na ulimi huangukia nyuma. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapendekeza kila mtoto mwenye sindromu hiyo afanyiwe kipimo cha usingizi kufikia umri wa miaka 4, hata kama wazazi hawajaona dalili yoyote. Kwetu mashine za kipimo hicho ni chache, lakini daktari wa masikio, pua na koo anaweza kuangalia mafindofindo na nyama za puani bila mashine hiyo. Mrekodi mtoto kwa simu dakika mbili tatu akiwa anakoroma, kifua chake kikionekana, uende na video hiyo. Mchana mtoto hakoromi, na asiyemwona usiku anaweza kudhani unatia chumvi.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ana shida nyingine. Misuli yake hukaza, nyonga huweza kuchomoka taratibu, na mara nyingi hawezi kujigeuza. Fikiria wewe ukilala upande mmoja saa nne nzima bila ruhusa ya kugeuka. Mwombe mtaalamu wa fiziotherapia akuonyeshe mkao unaomfaa mtoto wako na akague nyonga zake. Wengi hustarehe wakilazwa ubavu, khanga iliyoviringishwa ikiwekwa nyuma ya mgongo na mto mdogo kati ya magoti ili miguu isipishane na kukaza. Mgeuze kila baada ya saa chache. Usimzungushie mito karibu na uso, maana asiyeweza kugeuza kichwa anaweza kukosa hewa. Kama anavaa vifaa vya kunyoosha miguu usiku, angalia ngozi kila asubuhi. Alama nyekundu isiyopotea baada ya nusu saa maana yake kifaa kinambana na kinahitaji kurekebishwa. Dar es Salaam huduma hizi zinapatikana CCBRT na Muhimbili, kaskazini ziko KCMC mjini Moshi, na Kanda ya Ziwa ziko Bugando.

Kisha tumbo. Choo kigumu huwasumbua sana watoto wasiotembea na wale wenye usonji wanaochagua vyakula viwili vitatu tu. Mtoto asiyepata choo siku tatu hatalala vizuri, na kuongeza maji, papai, matunda na mboga za majani ni tiba bora ya usingizi kwake kuliko dawa yoyote ya kulaza. Kama hucheua, hukohoa akilazwa au hujipinda mgongo akilia baada ya kula, huenda anasumbuliwa na kiungulia. Mlishe ameketi wima, chakula cha mwisho kiishe angalau saa moja na nusu kabla ya kulala, na inua kitanda upande wa kichwani kwa kuweka vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda ya upande huo.

Anayejikuna sehemu ya haja kubwa usiku huenda ana minyoo midogo myeupe, ambayo majike yake hutoka gizani kutaga mayai. Mulika kwa tochi baada ya saa mbili tatu za usingizi, unaweza kuiona. Dawa yake ni rahisi, ila nyumba nzima itumie na irudiwe baada ya wiki mbili. Ukurutu nao huwasha zaidi usiku mwili ukipata joto.

Yuko pia mtoto asiyetuliza miguu. Anapiga mateke, anasugua nyayo kwenye shuka, anataka kukandwa miguu ndipo alale. Sababu moja ya hali hii ni upungufu wa madini ya chuma, ambao ni jambo la kawaida kwa watoto wa Afrika Mashariki na zaidi kwa wanaokula aina chache za chakula. Wingi wa damu unaweza kuonekana wa kawaida huku akiba ya chuma imeisha, kwa hiyo uliza kama hospitali inapima feritini. Mtoto anayekula udongo au mkaa apimwe bila kusubiri.

Hapa ndipo inapoingia chai. Kikombe cha chai ya maziwa na mkate usiku ni chakula cha mwisho cha siku katika nyumba nyingi, na kinamdhuru mtoto huyu mara mbili: majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, na kafeini iliyomo hukaa mwilini kwa saa nyingi ikimfanya akeshe. Maziwa hayaiondoi. Baada ya saa 9 alasiri mtoto asinywe chai, kahawa wala soda ya kola. Mpe uji, maziwa matupu au mchaichai uliochemshwa bila majani ya chai. Hatua hii haina gharama, na ningeanza nayo leo.

Kifafa kinahitaji uangalifu wa peke yake. Kukosa usingizi huchochea degedege, na degedege huvunja usingizi, kwa hiyo kila upande unaurutubisha mwingine. Degedege la usiku linaweza kupita bila mtu kujua. Dalili zake asubuhi ni ulimi ulioumwa, shuka lililolowa kwa mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani, maumivu ya misuli na kuchanganyikiwa. Ukimkuta akitikisika, mlaze ubavu, usitie kitu mdomoni, usimbane, tazama saa. Likizidi dakika 5, mpeleke hospitali. Baadhi ya dawa za kifafa hulewesha na nyingine huchangamsha. Fenobabitoni, inayotumika sana katika vituo vyetu kwa kuwa ni ya bei nafuu, huwafanya watoto wengine wasitulie na wawe wakali. Ukiona hivyo mwambie daktari abadilishe dawa au saa za kuimeza. Usiiache ghafla wewe mwenyewe, maana kukatiza ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Saa ya kuamka ndiyo inayoamua

Wazazi hupigania saa ya kulala, lakini iliyo mikononi mwenu hasa ni saa ya kuamka. Huwezi kumlazimisha mtoto asinzie, ila unaweza kumwamsha. Chagua saa moja, tuseme saa 12 na nusu asubuhi, uishike siku zote saba za wiki, hata kama usiku alikesha. Akishaamka, mtoe nje kwenye mwanga wa jua angalau dakika 20: anywe uji wake barazani, afagie nawe, akusindikize dukani. Mwanga wa asubuhi huuambia ubongo siku imeanza, na saa nyingi baadaye, giza likiingia, ubongo hutoa melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Sisi tulio karibu na Ikweta tuna bahati ambayo watu wa Ulaya hawana: jua letu huchomoza na kuzama karibu saa zilezile mwaka mzima. Mtoto anayefungiwa ndani kutwa kwa sababu familia inaona haya au inaogopa maneno ya watu hunyimwa bahati hiyo. Anapoteza mchana, na usiku unaharibika pamoja nao.

Usingizi wa mchana uishe kabla ya saa 9 alasiri, na kwa mtoto aliyevuka miaka 5 mara nyingi haufai tena, isipokuwa ametoka kwenye degedege au anaumwa.

Kama mtoto hulazwa saa 2 usiku lakini hupata usingizi saa 5, saa zile tatu za kugaragara na kugombana zinamfundisha kwamba kitanda ni mahali pa vita. Cathleen Piazza na Wayne Fisher walieleza mwaka 1991 njia iliyowasaidia watoto wenye ulemavu wa akili, nayo huenda kinyume na tunavyodhani: mcheleweshe kwanza. Mwache macho hadi saa 5 na nusu, nusu saa baada ya muda anaopata usingizi kwa kawaida, katika hali tulivu bila runinga. Akipata usingizi upesi usiku mbili mfululizo, msogeze nyuma dakika 15. Endelea hivyo hadi ufike saa unayoitaka. Saa ya kuamka isibadilike wakati wote huo. Kwa mtoto mwenye kifafa usifanye zoezi hili bila kuzungumza na daktari, kwa sababu siku za mwanzo mtoto hupungukiwa usingizi.

Jioni yenye mpangilio mmoja

Mpangilio mzuri ni mfupi, na mfuatano wake ni uleule kila siku. Hatua nne au tano zinatosha, ndani ya dakika 30 hadi 45, baada ya kuoga mapema: nguo za kulala, mswaki na haja ndogo, kupakwa mafuta, hadithi au dua, taa. Usianze na hatua kumi. Mpango utakaofuatwa siku ambayo umechoka na maji yamekatika una thamani zaidi kuliko ule uliopendeza kwenye karatasi.

Mtoto mwenye usonji au ulemavu wa akili huelewa zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa. Piga picha kwa simu vitu vyake halisi, yaani beseni lake, mswaki wake, chandarua chake, uzichapishe steshenari na uzibandike ukutani kwa mfuatano, kimo cha macho yake. Kila hatua ikiisha, aitoe picha au aigeuze. Kama bado haelewi picha, mpe kitu chenyewe mkononi: kopo la kuogea maana yake tunaoga, shuka lake maana yake tunalala. Tumia sentensi ileile kila usiku, fupi, kwa sauti ileile, na dada wa kazi, bibi na baba watumie hiyohiyo. Mtoto anayesikia maneno matano tofauti kwa jambo moja hulazimika kujifunza mambo matano.

Mtoto asiyeona hana ishara ya giza, na kama macho hayapokei mwanga kabisa, saa ya mwilini mwake inaweza kuteleza polepole hadi usiku ukawa mchana. Kwake saa za kula, kuoga na kuamka zishikwe kwa ukali zaidi, na ishara ziwe za kugusa, kunusa na kusikia. Mtoto kiziwi naye huogopa giza kwa sababu nyingine: taa ikizimwa, mazungumzo yote yamekatika. Haoni mikono inayomsemesha. Maliza maongezi kwanza, mwambie kwa ishara utakuwa wapi, ndipo upunguze mwanga, na uache taa ndogo hafifu.

Maji ya kuoga yawe ya uvuguvugu, saa moja au zaidi kabla ya kulala, hata Tanga au Mombasa kwenye joto. Maji hayo huvuta damu kwenye ngozi ya mikono na miguu, joto la ndani likatoka, na mwili unaopoa ndio unaosinzia. Lakini kama kuoga kunamchangamsha au kunamliza, kuhamishie asubuhi. Hakuna sheria inayosema lazima awe ameoga ndipo alale. Kumpaka mafuta ya nazi kwa mkono mzito na wa taratibu, kuanzia mabegani kushuka hadi nyayo, huwatuliza watoto wengi. Wachache hawapendi kuguswa, na hao waheshimiwe.

Wazazi wengi wameniuliza kuhusu mablanketi mazito yanayouzwa mitandaoni kwa ajili ya watoto wenye usonji. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014 uliofuatilia watoto 67 haukuona yakiongeza saa za usingizi, ingawa watoto na wazazi waliyapenda. Kwa bei yake na joto la pwani yetu, ningetumia fedha hizo kwa feni. Kwa mtoto mchanga au asiyeweza kujifunua mwenyewe, blanketi hilo ni hatari.

Runinga na simu zizimwe saa nzima kabla ya kulala, kwa kila mtu aliye chumbani. Najua ugumu wa jambo hili katika nyumba ya vyumba viwili ambapo baba amerudi kutoka kazini na anataka taarifa ya habari ya saa 2. Zungumzeni. Pengine runinga ihamie chumba kingine, au mtoto alale saa nzima baada ya taarifa kuisha. Kama simu ndiyo kitu pekee kinachomtuliza, usiipokonye ghafla. Anza kwa kupunguza mwanga na kubadilisha video ziwe sauti tu, kisha uifupishe kidogo kidogo.

Kelele zisizozuilika huzibwa kwa kelele tulivu. Feni inayozunguka usiku kucha hufunika honi, mbwa na baa ya jirani. Tatizo ni umeme ukikatika: feni ikinyamaza, mtoto huamka. Kama hali hiyo hutokea mara nyingi kwenu, tumia redio ndogo ya betri inayocheza sauti ya mvua iliyorekodiwa. Koroboi na mshumaa visikaribie chandarua kamwe. Taa ndogo ya sola iliyofunikwa kitambaa ndiyo salama.

Chandarua si cha hiari. Hata hivyo kwa mtoto mwenye hisia kali kinaweza kuwa utando unaomgusa uso, unaonuka dawa na unaomfungia. Kikiwa kipya, kiache kipepewe kivulini siku nzima kabla ya kukitumia. Kitundike mchana, mcheze ndani yake, mle karanga humo, hadi akizoee. Chagua cha pembe nne badala ya kile cha duara kinachoshuka karibu na kichwa, na ukichomeke vizuri chini ya godoro ili asijisokotee.

Akiamka usiku

Kulala na mtoto kitanda kimoja ni desturi yetu, na mtoto aliyevuka umri wa uchanga anaweza kulala hivyo bila tatizo. Ugumu huja pale anapoweza kusinzia tu akiwa amekushika sikio au ukiwa umembeba, kwa sababu kila binadamu huamka kidogo mara kadhaa usiku, naye kila akiamka atatafuta sikio lako. Kama unataka abadilike, nenda polepole. Usiku wa kwanza kaa kando ya kitanda mkono wako ukiwa juu yake. Baada ya usiku kadhaa ondoa mkono, ubaki umekaa. Kisha sogeza kigoda hatua moja kuelekea mlangoni, na nyingine. Usimwache alie hadi achoke, hasa mtoto mwenye kifafa au asiyeelewa kwa nini umeondoka.

Akiamka katikati ya usiku, uwe mtulivu na usiwe na jipya la kumpa: hakuna taa kubwa, hakuna chakula, hakuna simu, hakuna kugomba. Ileile sentensi fupi, mrudishe, umfunike. Kwa mtoto anayeelewa maelezo lakini hutoka kitandani mara nane akitaka maji, kukojoa na kuuliza habari, kuna mbinu iliyoelezwa Marekani mwaka 1999: mpe kadi moja kila usiku. Kadi hiyo inanunua safari moja fupi. Ikishatumika hakuna nyingine hadi kesho, na asubuhi akiwa nayo bado, anapata kitu kidogo akipendacho.

Mtoto anayepiga ukelele ghafla saa moja hadi tatu baada ya kulala, macho wazi, jasho likimtoka, asikutambue, na asubuhi hakumbuki chochote, ana mshtuko wa usingizi mzito. Huogopesha kutazama lakini hauna madhara. Usimtikise wala kummwagia maji, mlinde tu asijigonge, utapita. Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri, naye huamka kabisa na kukushikilia, huyo mkumbatie. Lakini kama miondoko ni ileile kila mara, ya ghafla, mwili ukikaza au kuchezacheza, mara kadhaa kwa usiku mmoja, chukua video na umwone daktari, huenda ni kifafa. Bibi akisema mtoto amechezewa, usigombane naye. Mwombeeni, na hospitali pia aende.

Watoto wengi wenye usonji huamka na kuzurura kimya. Funga kitasa juu, nje ya kimo chake, tundika njuga au kengele mlangoni, ondoa viberiti, visu na sabuni za unga, funika ndoo na pipa la maji. Kumfunga kamba au kumfungia chumbani peke yake ni ukatili na ni hatari. Moto ukitokea hana pa kukimbilia. Ukifika mahali unaona hakuna njia nyingine, wewe ndiye unayehitaji msaada usiku huo, na mtu mzima mwingine ashike zamu.

Dawa

Klofeniramini, wengi wanaiita Piriton, prometazini na dawa za kikohozi zinazoleta usingizi zimegeuzwa dawa za kulaza katika nyumba nyingi. Sizungumzi kwa kulaumu, najua zinavyoanza. Lakini kwa watoto wengine huleta kinyume, wakachangamka usiku kucha, na kwa mwenye njia ya hewa nyembamba humpunguzia pumzi zaidi. Prometazini haipaswi kabisa kutolewa kwa mtoto chini ya miaka 2, kwani imewahi kusimamisha pumzi za watoto wa umri huo.

Melatonini inaweza kuwasaidia baadhi ya watoto, hasa wenye usonji, kupata usingizi mapema, baada ya mpangilio wa jioni kujaribiwa ipasavyo. Haiwazuii sana kuamka usiku. Nchini Uingereza huandikwa na daktari, ilhali Marekani huuzwa madukani, ndiyo maana ndugu walioko huko huituma kama pipi. Mwaka 2017 watafiti nchini Kanada walipima bidhaa 31 za melatonini wakakuta kiasi halisi kikitofautiana na kilichoandikwa, nyingine pungufu kwa asilimia 83, nyingine zaidi kwa asilimia 478. Kama mzigo umeshafika, upeleke kwa daktari anayemjua mtoto kabla ya kuufungua, na umtajie dawa zake nyingine zote.

Na wewe unayemlea

Mama asiyelala huugua. Gawaneni usiku: mmoja ashike hadi saa 8, mwingine kuanzia hapo mpaka asubuhi, kila mtu alale sehemu yake bila kuamshwa. Kama uko peke yako, omba dada, shangazi au jirani unayemwamini usiku mmoja kwa wiki, na mfundishe mpangilio kwa picha zilezile za ukutani. Ukianza kulia bila sababu, kukosa hamu ya kula au kuogopa utamdhuru mtoto, nenda kliniki kwa ajili yako, si kwa ajili yake.

Maendeleo yatavunjika. Homa itaingia, shule itafunguliwa, mtasafiri kwenda kijijini kwa msiba. Mkisafiri, beba shuka lake bila kulifua ili harufu iwe ya nyumbani, beba chandarua chake na picha za hatua, na mwombe mwenyeji kona iliyo mbali na jiko na mazungumzo ya wakubwa. Ukirudi usingizi umeharibika, usirekebishe kila kitu siku moja. Asubuhi ya kwanza mwamshe saa yake ya kawaida na umtoe juani. Hatua za jioni zirudi usiku huohuo, na saa ya kulala ivutwe polepole kwa robo saa.